Likizo yangu ya ujanja ukweni

Nidhi, usicheke. Hata simu naishika kwa shida, viganja vina malengelenge.

Unakumbuka nilivyojisifu dukani kwenu? "Desemba mabasi yanajaa, ukweni nako kunajaa, tunalala watano kitanda kimoja. Mwaka huu naenda Novemba, nikapumzike." Mjanja mimi!

Jana jioni tumefika ukweni Nyololo, nyumbani yuko mama mkwe peke yake, kitanda chetu wenyewe. Nikamwambia Adrian, umeona akili ya mke wako? Akajifunika shuka mpaka kichwani.

Leo saa kumi na mbili asubuhi mama mkwe anagonga mlango. Ana majembe mawili. MAWILI, Nidhi.

"Mwanangu, Mungu akubariki. Umeacha kazi zako mjini uje unisaidie kupanda mahindi!"

Ningesema nini? Kwamba nimekuja kulala?

Nimepanda mpaka saa nane. Na kucha zangu za bandia! Mbili nimezifukia na mbegu.

Adrian alijua, eti hakutaka kunivunja moyo.

Nimempigia wifi Apolonia, mbona hukuniambia? Amecheka mpaka akakata simu. Kisha akaandika:

"Wifi, Krismasi mahindi yameshaota. Ulidhani sisi wote huwa tunakuja kwa ajili ya Yesu?"