Picha ya Mwezi Iliyofunguza Mtaa

Mpendwa Bi Mwanatabu, shikamoo. Naomba msaada wako kabla sijapasuka kwa hasira, maana nimeonewa na sina wa kumwambia. Mimi ni mpiga picha wa hapa Likoni, na kazi ninayoipenda ni kupiga mandhari kisha kuyatia kwenye programu ya kuhariri nikayageuza rangi, mbingu zikawa zambarau, mikoko ikawa buluu, maji yakawa ya waridi, na yeyote mwenye macho anajua hiyo ni sanaa, hakuna maji ya waridi ufukweni Mtongwe.

Sasa jioni ya ishirini na tisa Ramadhani, nikiwa kazini Nyali, nikarusha mtandaoni picha niliyoipiga Mtongwe ulipoandama mwezi wa Shaabani, nikaandika chini yake "Mtongwe, leo," kwa sababu picha ya zamani watu hawaipendi, na ndani ya ile mbingu ya zambarau mlikuwa na mwezi mwembamba, nao wallahi sikuugusa, nilibadilisha rangi tu. Mchumba wangu Ruwaida akamwonyesha babake, Mzee Hashim, ambaye macho yamempungua, naye bila kungoja tangazo la Idi akatoka barazani akawaambia majirani kijana wetu kauona mwezi, na mtaa mzima ukaamka ukala, kumbe kwengine kote watu wamefunga siku ya thelathini. Asubuhi hiyo nami nilikuwa nimefunga, nikapita kwao, mzee akanikumbatia akanipa mahamri na mbaazi, nikala, kwani ningekataa ingekuwaje?

Tangu hapo mzee anasutwa hadi msikitini, naye ameshikilia neno lake: "Mansur si mwongo. Akisema kauona, kauona." Ukweli nimemweleza Ruwaida peke yake, naye ati nisikanyage kwao mpaka nimwambie babake kwa kinywa changu, na harusi tuliipanga Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani. Kwa kosa gani, Bi Mwanatabu? Mimi si mtangaza mwezi. Niifute picha ninyamaze yapite, ama nitafute mchumba mwengine anayeelewa sanaa?

Mansur, Likoni

Marahaba, Mansur. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikasirika zaidi. Rangi zako sina ugomvi nazo. Zipake mbingu zambarau, zipake kijani, zitie madoadoa ya kanga ukitaka, hakuna aliyekula mchana kwa sababu ya zambarau. Walikula kwa sababu ya neno "leo." Hilo halikutiwa na programu. Uliliandika wewe, ukijua si kweli, ili upendwe na watu usiowajua.

Na hilo ningekusamehe, ni tamaa ya ujana. Lakini yale mahamri, mwanangu! Uliingia umefunga, ukamkuta mzee anakula kwa kukuamini wewe, na maneno ya kumwambia yalikuwa machache tu: baba, ile picha ni ya zamani. Ukatafuna. Uliona haya kukataa mahamri, hukuona haya kumwacha mtu mzima aendelee kula mchana wa Ramadhani mbele ya macho yako. Kisha waniandikia umeonewa? Aliyeonewa ni yule anayesutwa msikitini akikutetea.

Ruwaida muache, hana kosa, na ushukuru amekwambia ukweli kabla ya ndoa. Picha usiifute, maana ukiifuta uongo wako utakuwa umembebesha mzee peke yake. Andika chini yake kwamba ni ya Shaabani. Mambo ya kulipa funga mwulizeni shekhe wenu, si mahali pangu. Langu mimi ni hili: mwendee mzee, kaa chini, mwambie yote, na mahamri usiyaruke. Kisha baada ya sala simama mbele ya majirani wale wale, useme aliyedanganya ni wewe, si yeye. Siku atakayofunga kulipa, funga naye, na akikukubalia, ufuturu mkekani kwake. Akikufukuza, ondoka kwa adabu, ana haki yake.

Na usiniulize uende lini. Neno lenyewe unalijua, ulishaliandika chini ya picha.