Nimetoka na Barakoa Yangu

Wanangu,

Chai iko kwenye chupa. Mvua ikianza, anueni nguo.

Asubuhi mmebishana tena mlangoni kwangu. Kaka mtu anasema kitambaa hakizuii virusi hata kidogo. Dada mtu anasema hakizuii vyote, lakini kinapunguza mate yanayoruka. Mmepandishiana sauti weee, mkaja kukubaliana jambo moja tu: mama asitoke.

Mimi hamkuniuliza. Baba yenu amezikwa nikiwa nimefungiwa humu, na hadi leo sijaliona kaburi lake.

Nimekwenda kaburini kwake. Nimevaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine, na nitakaa mbali na watu. Msinifuate. ~~Nitarudi sasa hivi.~~ Nitarudi nikishamaliza kulia.

Mama yenu