Baba Anajua Sakafu Yake Ni Saruji Tupu

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana moyo hautulii, mimi ni fundi zege na kazi hii nimefundishwa na baba yangu mzazi, ambaye tangu nashika koleo aliniambia anayepunguza saruji ni mwizi, sasa mdogo wangu wa kike yuko maabara ya vifaa vya ujenzi, akaniambia, "Dada, badala ya sehemu ya saruji unaweza kuweka unga wa mawe ya chokaa, uliosagwa laini kabisa," nikamcheka, basi akatengeneza vitofali vya majaribio, vitatu vya saruji tupu na vitatu vyenye unga, baada ya siku ishirini na nane akaniita, mashine ikakandamiza, vya saruji tupu vikapasuka, vya unga vikahimili uzito uleule na kimoja kikapitiliza, mdogo wangu akanieleza kuwa chembe za unga hujipenyeza kwenye vinafasi kati ya chembe za saruji, vinafasi ambavyo miaka ishirini nimevimwaga bila kuvijua, nikaokota kipande nikakishika muda mrefu, nikajiona kama ndiyo kwanza naanza kazi.

Nikamwaga sakafu ya nyumba mpya ya baba kwa vipimo vya mdogo wangu, tukaweka pembeni vitofali vitatu vya zege hiyohiyo, ila mzee sikumwambia. Juzi alivua viatu, akatembea pekupeku, akapiga magoti akaipapasa. "Mwanangu, umenipita," akasema. Sasa anawaleta majirani, anawaambia ni saruji tupu kama alivyonifundisha. Nikisema ataniona mwizi, nikinyamaza nitamtazamaje?

Fundi Mwoga

Fundi, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikainuka nikagusa ukuta wa ofisi yangu, ambao sijawahi kuutazama. Lakini ngoja nikugombeze. Zege hukuikosea, umemkosea mzee. Nyumba ni yake, ulipaswa kumuuliza kabla hujachanganya, na sasa unamfanya aseme uongo asioujua.

Mwambie mkiwa wawili. Akikasirika, mwache, usijitetee. Kisha mpeleke maabara, kitofali cha sakafu yake akiweke mwenyewe kwenye mashine, na wewe na mdogo wako mnyamaze mpaka kipasuke. Na kwingine usikisie vipimo, wala usichote vumbi lolote la machimbo ukaliita unga. Mwenye nyumba ajue kwanza.

Nenda leo, kabla hajamkaribisha jirani mwingine.