Dakika Zinazokufa Saa Tano

Rwamgasa, 4 Februari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mmeamkaje hapo Tinde? Goti la mama limepoa? Na ng'ombe, majani wanapata? Mimi sijambo, ila vumbi la huku tunalila kama chumvi.

Usishtuke kuona karatasi. Simu yangu imetumbukia kwenye ndoo ya maji ikafa palepale, na sasa ndiyo kazi imeanza! Yule Mama Samia anayeuza vyakula kwa wachimbaji amenikabidhi kirikuu chake, kile kigari kidogo cha mizigo. Kila alfajiri nakwenda Kahama kubeba nyanya na vitunguu, narudi kwa kupitia Bugarama. Sijaona mwanamke mwingine anayeendesha njia hii. Amenipa miezi mitatu ya kunitazama. Akinipigia akanikosa hewani, funguo anampa mwingine.

Nishauri basi. Smartphone inanionyesha njia na inapiga picha ya mzigo nimtumie kabla sijapakia, lakini saa nane chaji imeisha. Kitochi kinakaa na chaji wiki nzima, ila ni cha kuongea tu. Na laini je? Mtandao unaoshika machimboni, hapo kwako haupatikani mpaka mtu apande kichuguu.

Mwanao,
Mbuke

Tinde, 11 Februari

Mwanangu Mbuke,

Marahaba. Barua nimeipokea mkononi mwa Edson, kondakta wa basi. Goti la mama yako linaringa tu, akisikia ngoma linapona.

Mimi simu kubwa siipendi. Ndaki wa jirani anayo. Juzi kaiinamia, ng'ombe wake wakamaliza mahindi ya watu, yeye anacheka na kioo. Lakini kazi ni yako. Ukinunua, nunua ya laini mbili, moja ya machimboni na moja ya mtandao wangu. Kichuguu sipandi tena na miguu hii.

Mimi natumia bando la siku. Nalinunua saa tano, kesho saa tano linakufa, dakika zilizobaki zinakwenda bure. Hilo siwezi kulivumilia hata kidogo. Kwa hiyo asubuhi nikimaliza kukamua nitakuwa nakupigia, tusalimiane vizuri, siyo zile salamu za mjini za "poa, poa". Wewe pokea tu.

Mnadani nimewaambia wote kwamba mwanangu ni dereva. Wabeja, asante sana, Mbuke. Nafurahi mpaka najishtukia.

Baba yako,
Jilala

Rwamgasa, 2 Machi

Baba,

Shikamoo, ingawa tumesalimiana leo asubuhi, na jana, na juzi. Nafurahi kusikia ndama amepona.

Nimenunua smartphone ya laini mbili. Ya machimboni nimeiwekea bando la mwezi kwa ajili ya picha za Mama Samia, ya mtandao wako naiwekea vocha kidogo tu, maana unayepiga ni wewe. Simu nimeipachika kwenye kioo, sauti yako inajaa gari zima.

Baba, kuna neno nimeshindwa kulitamka. Kila nikitaka kulisema, wewe umeshafika kwenye habari za mbuzi. Asubuhi ndipo ninapokuwa barabarani na mzigo. Jioni nakuwa nimekaa tu, sina kazi yoyote. Wala sijasema kitu, nimekujulisha tu. Nikiona jina lako napokea.

Mwanao,
Mbuke

Tinde, 21 Machi

Mbuke,

Hujambo? Nauliza kwa sababu ni desturi, lakini nimekasirika.

Ijumaa umenikatia simu. Nimekuuliza umeamkaje, ukasema salama. Nimekuuliza habari za kazi, ukasema "nzuri, ba", halafu kimya! Nimepiga tena, haipatikani. Dakika kumi na nne zimefia mkononi mwangu, na mpaka leo ni siku ya sita hupatikani.

Barua yako ya tarehe mbili ndiyo kwanza Edson kaileta, ati aliisahau kwenye koti lake la kanisani. Nimeisoma mara mbili. Mnh. Kumbe nakuchosha. Ungesema wazi basi, kuliko kuzunguka.

Mama yako anasema nisiandike hivi. Nimeshaandika. Uko wapi, mtoto? Mama yako halali. Mimi nawaambia watu kwamba ni yeye tu asiyelala.

Baba yako,
Jilala

Geita, 29 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Niko hai, hilo litangulie. Niko nyumbani kwa Mama Samia. Mkono wa kushoto umevunjika, nimefungwa hogo la plasta, lakini wa kuandikia ni mzima. Niliwakataza watu wasiwaambie, nikidhani nitapona kwanza. Nimekosea.

Sikukukatia simu. Uliponiuliza habari za kazi nilikuwa nakaribia Bugarama. Nikakujibu nimeinama, goti limekunjwa chini ya usukani, kama vile nakupigia goti la salamu uani. Nilipoinua macho, kundi la ng'ombe limejaa barabara. Nikalikwepa, nikaingia mtaroni, simu ikapasuka. Ng'ombe hakuguswa hata mmoja, najua utauliza. Nyanya zilikuwa uji mtupu.

Mama Samia hakunifukuza. Kalia, kanitukana, kanilisha. Ila ameapa: nikipokea simu tena gari likitembea, hata iwe yake, funguo naweka mezani siku hiyohiyo. Niegeshe kwanza, ndipo nimpigie.

Kwake yeye nimeweza kukubali. Kwako, baba, sijui nifanyeje. Tangu nizaliwe hujaniita nikanyamaza. Nikiiacha iite, naona kama nimekupita njiani mbele za watu bila kukusalimu. Nikipokea, napoteza kazi, au siku nyingine nisiwepo wa kuandika barua. Niambie wewe.

Mwanao anayekupenda,
Mbuke

Tinde, 12 Mei

Mwanangu Mbuke,

Mkono umeshika? Unakunja vidole vyote? Sisi tupo. Mama yako amekusemesha kila jioni uliyopiga kwa simu yako mpya, na kila jioni mimi nilijifanya niko zizini. Sikuwa zizini. Nilikuwa nyuma ya mlango nakusikiliza.

Wiki sita nimeshindwa kuandika. Mtoto wangu yuko mtaroni, mkono umevunjika, nami huku nawalilia majirani habari ya dakika kumi na nne. Dakika! Nimeona aibu mpaka chakula hakipiti. Nisamehe, Mbuke. Neno hilo baba yangu hakuwahi kuniambia, nami sikujua kwamba naweza kulisema. Nakupenda kuliko ng'ombe wote niliowahi kuwa nao.

Hosiana wa dukani ameniwekea bando la wiki, halifi saa tano. Nitapiga jioni. Lakini mimi ni mzee, najisahau. Nikipiga ukiwa barabarani, iache iite. Mimi baba yako ndiye ninayekuruhusu, na atakayesema huna adabu aje aniulize mimi.

Edson alisema Jumatatu umerudi kazini. Jana asubuhi nikakupigia makusudi, nione. Ikaita, ikaita, mpaka ikakata. Mama yako akashika kifua, "Hapokei!" Nikamwambia, "Tulia, mama. Mtoto anaendesha." Tukakaa, tukanywa chai.

Baba yako,
Jilala