Mfumo Ulipomkaribisha Deo

Jumatano. Baridi ya leo ni ya kuvaa makoti mawili, na upepo unapiga mabati tangu asubuhi.

Jamani, nimefanya nini mimi?

Hapa hospitalini mimi ndiye ninayesimamia mfumo wa watumishi mtandaoni. Kila usiku mfumo wenyewe huchukua majina mapya kutoka orodha kuu ya ofisi ya utumishi, kisha humtumia kila aliyeingizwa ujumbe wa simu wa kumkaribisha. Jana wauguzi wapya wawili walinisumbua weee, "Dada, akaunti zetu vipi?" Na mimi kusubiri usiku nikaona tabu. Nikabonyeza kitufe cha kuleta majina papo hapo. Nikachagua "wote".

Wote! Nani alinituma?

Deo wa maabara alizama ziwani mwaka jana, boti ilipopinduka yeye na wenzake wakitoka kukagua zahanati za upande wa Kirando. Hakupatikana. Akaunti yake niliifunga mwenyewe huku nalia. Ila kwenye orodha kuu bado yumo, maana bila mwili ndugu zake hawajapata cheti cha kifo, na bila cheti utumishi hawamtoi mtu. Basi mfumo ukamkuta humo, ukamfungulia, ukamwandikia: "Karibu tena, Deogratias. Tunafurahi kuwa nawe."

Simu yake siku ya ajali aliiacha nyumbani. Anayo mama yake, kule Kaengesa, na kila siku anaichaji.

Leo asubuhi mlinzi akaniita getini. Mama Deo amesimama, kavaa khanga za kanisani, kikapu mkononi. Nikamwamkia, shikamoo mama. Hata hakuitikia.

"Mmempata? Yuko wodi gani?"

Kikapuni mlikuwa na ugali wa ulezi, bado una joto, na shati lililopigwa pasi.

Mungu wangu. Nikamshika mkono, nikamkalisha kwenye benchi, nikamwambia ukweli: mama, hajapatikana, ni mashine, na aliyebonyeza vibaya ni mimi. Nilitegemea anitukane. Heri angenitukana!

Aliuliza tu, "Hiyo mashine jina lake imelitoa wapi?"

"Kwenye orodha ya watumishi, mama."

"Kwa hiyo bado mmemwandika?"

"Bado."

Akafunua ugali, akasema nile mimi, yeye hawezi kurudi nao nyumbani. Nikala palepale, machozi yanachuruzika, yeye ananitazama. Shati alilikunja upya, akarudi nalo.

Akaunti nimeshaifunga tena, na namba ya simu nimeitoa. Kesho nakwenda kwa bosi kumweleza, anifanye atakavyo.

Ila nilipomsindikiza stendi, kabla hajapanda gari, Mama Deo aliniuliza kama nikirekebisha mambo yangu ule ujumbe utafutika kwenye simu. Nikamwambia hapana, utabaki.

Akanishukuru.

Ananishukuru mimi! Kwa lipi?