Chanjo Siku ya Karandinga

Jumatatu, 6 Septemba
Chanjo ya korona itaingia gerezani Alhamisi, kwa wafungwa na mahabusu. Kasema ofisa habari wa gereza, kwa simu. Nimeuliza: wote? "Wote, braza." Nimeituma habari gazetini kabla ya chai.

Mchana Chanika, kwa Zuhura, fundi cherehani. Baba yake, mzee Hamisi, ni mahabusu. Anatuhumiwa kununua shaba ya wizi. Ana pumu. Mwenzake wa chumba alikohoa hadi hospitali, hakurudi. Zuhura kasoma habari yangu. Alhamisi hiyohiyo kesi ya baba yake inatajwa. Tarehe kaisogeza mwenyewe: alimbembeleza karani wa mahakama iwe karibu, waombe dhamana mapema.

Jumanne, 7 Septemba
Nimerudi kwa ofisa habari. Mahabusu wenye kesi siku hiyo wanapanda karandinga, gari la magereza, alfajiri, wanarudi jioni. Wachanjaji wanaondoka saa tisa. "Sie ratiba ya mahakama haituhusu." Karani naye: tarehe ikishapangwa imepangwa. Mahabusu hawezi kukataa kupanda gari.

Dhamana au chanjo. Mzee hajaulizwa anataka kipi. Sikai mahali pamoja leo. Nimekasirika.

Alhamisi, 9 Septemba
Mahakamani. Karandinga lililojaa limeshusha watu. Mzee Hamisi anapumulia mdomo.
Zuhura kamwamkia: "Shikamoo baba."
"Marahaba. Mbona umekonda? Kwani aliyefungwa nani?"
Kacheka mwenyewe, kikohozi kikamkamata. Askari kasubiri kiishe.

Hakimu ana udhuru. Kesi imeahirishwa hadi tarehe 23. Dhamana haikuombwa. Safari yote hiyo kwa dakika chache.

Nimempigia sista Neema, muuguzi anayeongoza timu ya chanjo. Yuko gerezani, anachanja waliobaki. Hakujua kuna waliokwenda mahakamani. Kaambiwa wote wapo. Zuhura kaniomba simu.
"Dada, mbona sokoni kwetu mlileta meza, mkatuita kama mnauza nyanya? Hapa mahakamani mnashindwa nini?"
Sista: "Ngoja niulize wakubwa."

Ijumaa, 10 Septemba
Nimeandika upya: wote hawakuwa wote. Mhariri anauliza kama mzee mmoja ni habari. Nimemwambia karandinga lilijaa. Kaichapa.

Jumatatu, 13 Septemba
Wakubwa wa sista hawajajibu. Mahakama haijajibu. Zuhura hapigi simu tena. Heri angenilaumu.

Ijumaa, 17 Septemba
Sista Neema kapiga. Wamekubaliana na mahakama: meza itawekwa kwenye korido ya mahabusu wa mahakamani, watachanjwa kabla ya kupelekwa kwa hakimu. Atakayekuja na karandinga ndiye atakayechanjwa.

Nimempelekea Zuhura habari. Kasimamisha cherehani, kauliza kama sindano inaumiza mwenye pumu. Nimempa namba ya sista. Kaendelea kushona.

Mzee mwenyewe hajui. Kutembelea gerezani kumesitishwa, na wa kumpelekea neno hayupo. Ataiona meza akishashuka.

Meza itawekwa Alhamisi, tarehe 23, saa tatu asubuhi.