Mama, Hawakumbuki Walikuzika Wapi

Mama yangu mpendwa,

Ni mimi, Aoko wako, nakuandikia kutoka mtaa wa Mbotela, Nairobi, juu ya meza niliyojinunulia sokoni Gikomba. Shule niliiachia darasa la saba, lakini mwandiko wangu unaujua, hata mwalimu aliuonea wivu.

Unakumbuka mawe ya kufulia pale mtoni, kabla mto haujaingia ziwani? Wake za wajomba walifulia juu. Wewe, kwa kuwa ulikimbia ngumi za baba ukarudi kwa ndugu zako, ulipewa jiwe la chini kabisa. Povu lao na uchafu wa nepi zao vilitufikia sisi. "Wee uliyerudi!" ndivyo walivyokuita, huku wakianika dagaa wao wa omena na kucheka. Nikauliza kwa nini tusipande juu. "Suuza, nyamaza," ukasema. Halafu ukanirushia maji usoni, na sisi tukacheka, kwa ubishi tu.

Ulipokufa walikuzika nje ya ua, karibu na maji, maana kwao mwanamke aliyerudi halazwi ndani ya boma. Hata msalaba hawakukuwekea.

Basi mwaka huu ziwa limefura, maji yakaingia mpaka bomani. Mjomba Ochola akanipigia simu: kijiji kinahamia mlimani, njoo na yule msichana wako. Na nani asiyemjua msichana wangu? Atieno ni mpima ardhi, mama! Ana chombo cha kupimia chenye miguu mitatu. Nimemsomesha kwa kuuza mitumba, na mtaa mzima unajua, kwa sababu nimewaambia mwenyewe. Nikabeba shuka jipya jeupe la kufungia mifupa yako, nikijua na wewe unahamishwa.

Tulikuta wamehamisha zizi, mabati, hata mlango wa choo. Wewe walikuacha. Nikauliza kaburi liko wapi. Mjomba akanyoosha kidole kwenye matete yaliyozama. Mkewe akanyoosha kwingine. "Aa, ni kule," akasema jirani, wakaanza kubishana.

"Si alizoea kukaa chini," mke wa mjomba akasema. Wakaangua kicheko, nami nimesimama na shuka mkononi.

Tena bila haya, mjomba akamgeukia Atieno: "Haya mjukuu, tupimie viwanja huko juu, tusije tukapigana."

Atieno akakunja ile miguu mitatu polepole. "Babu, pimeni kwa kidole. Si ndivyo mnavyopima?"

Ungemsikia, mama! Huyo ndiye mjukuu wako.

Juzi nimesikia wamepigania mpaka, mjomba kavunjwa mkono. Nilipika chapati siku hiyo, nikaita majirani.

Lile shuka sijalitandika. Nimemwambia Atieno siku yangu ikifika anizike hapa hapa Nairobi, apime kaburi langu kwa chombo chake, na aandike liko wapi.

Lala, mama, popote walipokutupa.

Binti yako uliyemrushia maji,
Mama Atieno